Bi Mkubwa Anagonga

Jumatatu, 9 Juni

Ko.

Sauti moja tu. Si kubwa. Kama mtu mwenye adabu anayegonga mlango huku akihofia kuwaamsha wenyeji. Niliisikia jana kwenye njia panda, nilipoachia klachi taa ilipogeuka kijani, na tangu hapo haijanitoka kichwani. Nimekula nayo. Nimeoga nayo. Leo asubuhi Mama aliweka kikombe mezani, nikaruka.

Bi Mkubwa anagonga!

Niandike mambo kwa utaratibu. Bi Mkubwa ni gari la Babu. Lina rangi ya maziwa, limenizidi umri kwa miaka kumi na tisa, na vishikizo vya kupandishia vioo vyake ni vya mbao. Babu ni seremala. Kila kilichovunjika ndani ya gari lile kwa miaka yote hii kimerudi kikiwa mbao. Sasa Babu yuko hospitali, wodi ya macho. Wamempasua yote mawili. Jumamosi anaruhusiwa kurudi nyumbani, bandeji zikiwa bado usoni, na ameapa hapandi teksi wala gari la mtu. Atarudi na Bi Mkubwa, dereva mimi.

Na kuna hili, ambalo ndilo linalonikondesha. Mbele ya Mama na Mjomba, Babu alitamka kwamba yeye basi, haendeshi tena. Funguo zitabaki kwa atakayemfikisha nyumbani bila kumshtua. Nikishindwa mimi, Spana yupo.

Spana ni binamu yangu, mtoto wa Mjomba. Anafanya kazi kwenye gereji ya magari mapya, anavaa ovaroli isiyo na doa hata moja, na ananiita Profesa kwa sababu nina shahada ya falsafa na sina kazi. Mpango wake hauna siri: atamfungua Bi Mkubwa vipande vipande. Tayari amepata mtu anayezitaka taa za mbele. Taa za mbele! Gari ambalo nilijifunzia kuendesha nikiwa nimekalia mto wa kochi. Tasnifu yangu yote niliiandika kwenye kiti chake cha nyuma, limeegeshwa nje ya karakana ya Babu. Sijui kufikiri mahali pengine popote.

Kinachouma ni kwamba nilikuwa nimejiandaa vizuri. Jumamosi nzima nilikuwa chini ya boneti na brashi na sabuni, ili Babu, kama hawezi kuuona usafi, angalau aunuse. Nilitoa majani makavu, kitana, mjusi aliyekauka, na kipande cha mbao cheusi kwa oili, kimekwama vibaya kati ya injini na chuma cha chini. Ilibidi nikigonge kwa nyundo mara mbili ndipo kikatoka. Bila shaka kilidondoka kutoka karakanani. Nyumba hii ina vipande vya mbao hadi ndani ya kopo la sukari.

Mama anasema: uliosha Jumamosi, likaanza kugonga Jumapili. Nikamweleza kwa upole kwamba kufuatana si kusababishana. Ni kosa la kimantiki linalojulikana tangu zama za kale, na somo hilo nilipata alama za juu kuliko darasa zima. Mama akasema haya, akaendelea kuchambua mchele.

Zimebaki siku tano.

Jumanne, 10 Juni

Nimekataa kuhangaika. Nitachunguza.

Maktaba wana kitabu kimoja tu cha injini za zamani. Kimechapishwa kabla Mama hajazaliwa na kinanuka kabati. Mwandishi wake ni mtu wa kunipendeza, anagawa milio ya injini kama mtu anayegawa aina za huzuni. Kuna mlio wa nyundo: hiyo ni konrodi, fimbo ya chuma inayobeba pistoni, na ukiusikia anza kuaga. Kuna mlio wa kengele: pini ya pistoni. Kuna mlio wa cherehani: marekebisho madogo. Na kuna mlio mzito, mkavu, "unaofanana na mlango", ambao msomaji anaombwa atazame ukurasa wa 212.

Ukurasa wa 212 haupo. Mtu kauchana. Natumaini alikuwa na shida kweli.

Nikarudi kwenye njia ya kusikiliza. Mwandishi anasema fundi huweka ncha ya fimbo kwenye injini na ncha nyingine sikioni. Hiyo ni njia ya watu wasio na majirani. Sisi jirani yetu ni muuguzi. Nikavuka mtaa, nikamwomba Dada Muuguzi aniazime kile kipimo chake cha masikioni cha kusikilizia moyo. Akauliza nani anaumwa. Nikasema nyumbani kuna mzee, kifua kinagonga. Hakuna hata neno moja la uongo hapo.

Mchana wote nimemsikiliza Bi Mkubwa. Ni tukio la ajabu mno! Nilisikia maji yakizunguka, feni, mkanda, na moyo wangu mwenyewe, ambao mwanzoni niliudhania kasoro. Na kule chini kabisa, kila nilipoachia klachi na kurudi mbio kusikiliza: hakuna. Tatizo la mbinu. Mguu wangu lazima uwe ndani na sikio langu nje. Mwishowe niliweka tofali kwenye kanyagio la mafuta. Injini ikapiga kelele, mimi nikapiga kelele, tofali likaanguka, na hapo ndipo nilipoisikia. Ko! Kwa hesabu yangu, konrodi ya tatu.

Jioni Dada Muuguzi alikuja na kipimo cha presha kumwangalia mzee wetu. Mzee aliyemkuta ni Mama. Mama alipimwa akiwa ameshika mwiko, akaambiwa presha iko juu kidogo, apunguze chumvi na afunge mdomo kwa dakika tano. Dada Muuguzi alipoondoka, Mama aliniuliza ana umri gani. Nikasema arobaini na minane. Akasema hapana, leo ameambiwa yeye ni mzee, basi nimletee kiti.

Nimemletea kiti.

Jambo moja zuri. Meza yangu haiyumbi tena. Babu alinichongea meza hii nilipoingia sekondari, na kwa miaka yote mstari wangu wa tatu umekuwa ukiteleza kama mlevi. Ukimwambia Babu, anajibu kwamba meza zake haziyumbi, sakafu za watu ndizo mbovu. Juzi nikauwekea mguu wa kushoto kigingi. Imetulia tuli. Katika wiki hii yote, hicho ndicho kitu pekee nilichokirekebisha.

Jumatano, 11 Juni

Nimepigwa shoti.

Kitabu kinasema: injini ikiwa inanguruma, chomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine. Ukichomoa mmoja na mlio ukapungua, hapo ndipo penye ugonjwa. Hakisemi usitumie mkono mtupu. Labda ilikuwa ukurasa wa 212. Nilishika waya wa kwanza na nikajikuta nimekaa kwenye beseni la nguo za Mama, zilizokwisha kufuliwa. Nywele zangu bado zina msimamo wao.

Wa pili, wa tatu na wa nne nilichomoa kwa glavu za kuoshea vyombo. Matokeo: mlio haukupungua popote. Kila nilipochomoa waya, injini ilitikisika zaidi na kugonga zaidi. Mtu mvivu angehitimisha kwamba konrodi hazihusiki. Mimi nimelazimika kuukubali ukweli mgumu: zinaumwa zote nne, tena kwa kiwango kilekile.

Nililia kidogo. Kwenye kiti cha nyuma, kama kawaida.

Huko huko ndiko Spana alikonikuta. Alikuja na mashine yake, ile ya skrini, ambayo wanaichomeka kwenye gari na gari linasema lenyewe linaumwa wapi. Akazunguka Bi Mkubwa mara mbili akitafuta pa kuichomeka. Akaangalia chini ya usukani. Akaangalia chini ya kiti. Kwa dakika tatu nilikuwa mtu mwenye furaha sana.

Kisha akaniomba niwashe. Nikasema betri imechoka. Akaketi kwenye usukani, akageuza ufunguo mwenyewe, akakanyaga klachi, akaachia.

Ko.

Akazima. Akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. Akasema konrodi hiyo, Profesa, hapo hakuna gari tena, kuna mzigo tu. Nikamjibu kwamba ni mlio wa asili wa injini za umri ule, wataalamu wanauita pumzi. Akauliza mbona mwezi uliopita haukuwepo. Nikasema ulikuwepo, ila masikio yake wakati ule hayakuwa yamekomaa.

Lilikuwa jibu zuri. Halikunisaidia. Spana alitoa simu, akawasha tena, akaurekodi mlio wote tangu mwanzo hadi mwisho. Jumamosi atakuja nasi hospitali, akasema, amsikilizishe Babu. Macho ya Babu yamefungwa, ila masikio yako huru.

Na hilo ndilo ninalolijua kuliko yeye. Babu husimama uani, akasikia randa ya fundi mwingine mtaa wa pili, akasema ule ulimi haujanolewa. Ananijua kwa hatua. Anajua kama nina huzuni kwa jinsi ninavyofunga mlango. Huyo ndiye mtu ninayetaka kumpitisha maili sita kwenye gari lenye konrodi nne mbovu!

Alhamisi, 12 Juni

Nimeenda kwa fundi. Nimejishusha.

Si kwa mafundi wa karibu. Wote hao wamechongewa milango na Babu, na habari ingemfikia kitandani kabla sijafunga boneti. Nilienda upande wa pili wa mji, kwenye gereji ya mwanamke wanayemwita Mama Grisi. Njia nzima niliachia klachi kama mtu anayemlaza mtoto. Nilikuwa nimejiandaa na hadithi: gari ni la rafiki yangu, rafiki amesafiri, rafiki hana simu.

Mama Grisi alinitazama kutoka chini ya lori na kusema hilo ni la yule seremala, macho yake yanaendeleaje.

Nikasema yanaendelea vizuri. Hadithi ya rafiki nikaimeza.

Nilimweleza uchunguzi wangu wote kwa mpangilio: kipimo cha moyo, nyaya, tofali, ukurasa wa 212. Alinisikiliza vizuri tu. Kisha akafungua boneti na wala hakugusa kitu. Hakuchukua hata bisibisi! Akaweka kiganja juu ya bodi, akaniambia niwashe, nikanyage klachi, niachie. Mara moja. Mara mbili. Akaniambia nizime.

Akaniuliza kama kuna kitu nimekitoa mle ndani.

Nikatafakari swali. Kitu ni kitu. Uchafu si kitu cha gari. Ni kitu kilicho nje ya mahali pake. Nikajibu hapana.

Akacheka hadi akashika kiuno. Akasema, "Binti yangu, konrodi zako zina afya kunizidi mimi. Hapa hakuna kilichoharibika. Kuna kisichokuwepo. Rudi nyumbani ukamwulize mwenyewe."

Kisha akarudi chini ya lori lake.

Nimewaza jambo hili mchana mzima na nimeandika kurasa mbili. Kisichokuwepo kinawezaje kugonga? Utupu hauna uzito, hauna umbo, hauna pa kujipigia. Ama Mama Grisi ni mwanafalsafa mkubwa kuliko wote walionifundisha, ama alitaka nimwondokee. Nilipomsimulia Mama, alisema mwanamke anayetengeneza malori hajafika hapo kwa kubahatisha, na kwamba nimpigie Babu simu, ni dakika moja.

Siwezi kumpigia. Nikimpigia atajua. Akijua, Bi Mkubwa atakuwa ameshapotea kabla sijageuza ufunguo.

Tena fundi gani asiyetumia hata bisibisi? Nabaki na konrodi zangu nne.

Ijumaa, 13 Juni

Kama siwezi kuuponya mlio, nitauficha. Mpango mpya, wa sehemu tatu.

Kwanza, blanketi zito chini ya boneti, la kumeza sauti. Pili, redio ya gari kwa sauti ya juu, taarifa ya habari, kwa sababu Babu humnyamazisha kila mtu pakisomwa habari. Tatu, Mama. Mama atakaa nyuma ya Babu na kuongea bila kupumzika kuanzia lango la hospitali hadi lango la nyumbani. Alipousikia mpango huo alisema hajawahi kuombwa jambo hilo na mtu yeyote katika ukoo huu.

Tukafanya jaribio. Mama akawa Babu. Nikamfunga macho kwa kitambaa, nikamkalisha mbele, nikaweka blanketi, nikafungua redio, tukazunguka mitaa mitatu. Watu walisimama kututazama. Dada Muuguzi alisimama kuliko wote.

Nilimwuliza Mama anasikia nini. Akasema anasikia habari za mvua, na mtu anabisha hodi. Nikamwuliza kama mlio umepungua. Akasema umepungua, ila sasa kuna harufu ya kuungua, na harufu hiyo anaifahamu, ni blanketi lake la manjano.

Lilikuwa blanketi lake la manjano.

Tulilitoa kwa mwiko. Lina tundu kubwa katikati, mtu anaweza kulivaa. Mama hakunigombeza. Alikaa kwenye ngazi, kitambaa bado kimeninginia shingoni, akaniambia hivi. "Unamwogopa baba yangu kwa jambo gani? Mtu huyo ulimvunjia kioo cha kabati alilolichonga miezi minne, akakupa gundi umsaidie."

Sikumbuki hata kioo. Nakumbuka gundi.

Basi nimeandika barua ya kukiri. Kurasa tatu, na tanbihi. Nimekiri uzembe, kipimo cha moyo, Mama Grisi, blanketi, na konrodi kila moja kwa namba yake. Nimeikunja na kuiweka kwenye droo ya dashibodi. Ikifika zamu ya kusema, nitasema.

Mwandiko wangu angalau umenyooka. Meza ni jabali.

Jumamosi, 14 Juni

Nina mengi ya kuandika, na yote ni ya raha. Raha!

Tulifika hospitali saa nne. Mama nyuma, Spana nyuma, simu ya Spana mkononi mwa Spana. Babu alitoka ameshika bega la muuguzi, bandeji nyeupe mbili, fimbo, na shati lake la kwenda mjini. Alimsogelea Bi Mkubwa peke yake. Akapapasa boneti, akapapasa mlango, akanusa. Akasema mtu ameosha. Nikasema ni mimi. Akasema ahsante, bibie.

Akaketi mbele. Nikawasha. Nikaachia klachi polepole kuliko nilivyowahi kufanya jambo lolote maishani.

Ko.

Babu akainua mkono. Nikazima. Fimbo yake ikateleza kwenye goti. Nyuma, Spana alisafisha koo na kusema Babu, nimerekodi, nikuwekee vizuri usikie. Babu akasema amekwisha sikia. Spana akasema ni konrodi. Babu akamwuliza, kwa utulivu kabisa, ni nani aliyemfundisha kusikia. Spana akataja chuo. Babu akasema alaa.

Kisha akanigeukia mimi, bandeji na yote.

"Bibie. Mbao yangu iko wapi?"

Nikasema mbao ipi, Babu.

"Ya mti mgumu. Ncha moja nyembamba, ncha moja nene. Raba inayoshikilia injini ilikufa mwaka uliozaliwa wewe, nikachonga ile nikaishindilia pale. Isipokuwepo, injini inacheza, inakwenda kubisha hodi kwenye chuma."

Sikuhitaji kufikiri. Niliiona. Niliiona kama ninavyoiona sasa nikikumbuka: nyeusi, imebanwa, mguu wa kushoto.

"Iko chini ya meza yangu, Babu."

Nyuma yangu Mama alitoa sauti ambayo sitaiandika. Spana akaweka simu mfukoni taratibu, kama mtu anayerudisha kitu dukani. Mabega ya Babu yakaanza kutikisika, na fimbo, na kiti kizima, na nilidhani ni maumivu hadi nilipomsikia. Alikuwa anacheka. Dada wa mapokezi alitoka kutazama. Babu akajipangusa shavu chini ya bandeji, akasema daktari amemkataza kulia machozi, na hakumwambia kuhusu wajukuu.

Akauliza meza ipi. Nikasema ile aliyonichongea. Akaacha kucheka papo hapo. Akasema meza ile haiyumbi. Sakafu ndiyo mbovu.

Tukarudi nyumbani, maili sita. Babu ananielekeza kwa kidole: sasa gia, sasa mafuta kidogo, achia. Mlio ulikuwepo, lakini haukuwa ule tena. Ulikuwa mbao inayodaiwa na mwenyewe, basi. Konrodi zote nne zilikuwa nzima, zimekuwa nzima wiki nzima, na mimi nilikuwa nimekwisha kuzizika moja moja! Barua niliiacha kwenye droo. Katika kurasa zake tatu nimekiri kila kitu isipokuwa nilichokifanya.

Nyumbani, nilipiga goti chini ya meza na kukivuta kigingi. Babu alikishika, akakizungusha, akakipitishia kidole gumba ukingoni, akakitambua kama mtu anayemtambua mtoto wake sokoni. Spana aliinua injini kidogo kwa jeki, na nikubali, aliinua vizuri. Babu akainama chini ya boneti na bandeji zake, akaipata nafasi kwa kupapasa, akapiga kwa nyundo ya mbao. Mara tatu. Akaniambia niwashe.

Nikaachia klachi.

Hakuna!

Nikaachia tena. Hakuna. Bi Mkubwa alinguruma kama paka aliyekalia mto. Nilitoka garini na kukaa chini uani. Jambo lililonikosesha usingizi siku sita limeondoka kwa nyundo tatu.

Babu akavuta funguo kwenye dashibodi. Akasema Spana angelipeleka gari kuchinjwa, na huyu mwingine angalau aliiheshimu mbao yake, aliitafutia kazi. Akaziweka kiganjani mwangu. Sharti moja: nisitoe kitu mle bila kumwuliza. Nikaapa. Spana, kwa haki, alinipa mkono. Akasema hongera, Profesa, ila zile taa kama zitakusumbua, unajua pa kunipata.

Naandika haya kwenye kiti cha nyuma. Jua bado liko juu ya karakana. Mwandiko umenyooka kiasi.

Jumapili, 15 Juni

Nimejifunza mengi wiki hii na nimeamua kuyaandika wazi. Moja: tusikimbilie kulaumu kilichojificha wakati kilichoondolewa ni kile tulichokishika kwa mkono wetu wenyewe. Mbili: ukiulizwa na fundi, jibu swali alilouliza. Tatu

Hapo kwenye tatu meza iliyumba na wino ukaruka hadi ukingoni. Haivumiliki. Siwezi kufikia hitimisho lolote kwenye meza ya namna hii.

Nilienda karakanani kutafuta kigingi. Vyote ama vinene mno au vyembamba mno. Ila nilipofungua buti la Bi Mkubwa kutoa lile blanketi la manjano, nikakiona, nyuma ya tairi la akiba: kipande kizuri, safi, pembe nne, kimebanwa kando ya chuma bila kazi yoyote inayoonekana. Nilikumbuka kiapo. Nilikitafakari kwa uaminifu. Babu alisema "mle", na aliposema mle alikuwa amesimama mbele ya injini, mkono wake ukiwa ndani ya injini. Buti liko nyuma. Isitoshe Babu alikuwa amelala, na mgonjwa wa macho haamshwi kwa sababu ya samani. Nikakigonga. Kilitoka kwa nyundo moja.

Saa kumi Mama alirudi kutoka sokoni na Bi Mkubwa. Anasema kila akikata kona, nyuma kuna kitu kinapiga ngo. Akauliza leo nimefanya nini. Nikamkumbusha, kwa upole, tuliyoyazungumza Jumatatu kuhusu kufuatana na kusababishana. Mama akaenda jikoni kujipimia chumvi.

Ngo si ko. Ni mlio mpana, wa chini, wenye mwangwi. Nashuku ekseli.

Hakuna sababu ya kumshtua Babu kwa jambo ninaloweza kulichunguza mwenyewe. Nimeshavuka mtaa na kukiazima tena kipimo cha Dada Muuguzi. Kiko hapa mbele yangu, mezani, na meza haiyumbi hata kidogo.